Siku ya saketi (pikipiki)

Siku ya saketi ni siku ambayo barabara ya mbio, yaani saketi, hufunguliwa kwa waendeshaji wa kawaida ili waendeshe pikipiki zao wenyewe bila kikomo cha kasi na bila magari yanayotoka upande wa pili. Si mashindano. Hakuna mshindi wala zawadi, na waandaaji wengi nchini Uingereza hukataza hata kupima muda wa mzunguko. Mshiriki hulipa ada, huonyesha leseni ya udereva, hutia sahihi hati ya kukubali hatari za mchezo huo, kisha husikiliza maelezo ya usalama. Asiyehudhuria maelezo hayo haruhusiwi kuingia barabarani.

Makala hii inahusu maandalizi ya mtu anayeshiriki kwa mara ya kwanza. Mifano imetoka Uingereza, ambako siku za namna hii ni za kawaida, na hasa katika saketi ya Brands Hatch iliyopo Kent, kusini-mashariki mwa nchi hiyo.

Mpangilio wa siku

Kwa kawaida washiriki hugawanywa katika makundi matatu: wapya, wa kati na wenye kasi. Kila kundi huendesha kwa dakika 15 hadi 20, kisha hupisha lingine, na zamu huzunguka hivyo mpaka jioni. Mizunguko michache ya kwanza hufanywa polepole nyuma ya mwalimu, bila kupitana, ili kila mtu aone barabara inavyokwenda.

Pembeni mwa barabara husimama walinzi wenye bendera. Ya njano inaonya kwamba kuna hatari mbele: punguza mwendo na usimpite mtu. Yenye mistari ya njano na nyekundu inasema lami inateleza. Nyekundu inasimamisha zamu nzima, nayo haimaanishi kukanyaga breki ghafla pale ulipo, bali kupunguza mwendo kwa utaratibu huku ukiwaangalia wengine, na kurudi eneo la maandalizi. Nyeusi humwita mwendeshaji mmoja atoke. Ile ya miraba myeusi na myeupe, inayojulikana na kila mtazamaji wa mbio, hapa humaanisha tu kwamba zamu imekwisha.

Kuandaa pikipiki

Wageni wengi hudhani kwamba wanahitaji pikipiki kubwa au vipuri vya mbio. Hawavihitaji. Pikipiki ya kawaida ya barabarani inatosha, mradi iwe nzima. Kinachotafutwa katika ukaguzi si nguvu bali uzima: kitu chochote kinachovuja, kinacholegea au kinachoweza kudondoka ni hatari kwa mwenye pikipiki na zaidi kwa wanaomfuata. Tone la mafuta ya injini kwenye kona laweza kuwaangusha watu watatu kabla bendera haijainuliwa.

Tairi huja kwanza. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilipotengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani laweza kuwa na kashata nzuri na bado mpira wake ukawa umekakamaa. Upepo nao hupunguzwa kidogo kuliko ule wa barabarani, kwa sababu uendeshaji wa saketini hulipasha tairi joto sana na joto huongeza msukumo wa ndani. Pikipiki kubwa inayotumia paundi 36 mbele na 42 nyuma barabarani huweza kushushwa hadi paundi 30 na kitu, lakini kiasi sahihi hutegemea aina ya tairi na hutolewa na mtengenezaji wake. La muhimu ni kupima mara tu baada ya kutoka barabarani, tairi likiwa bado moto, na kurudisha upepo wa kawaida kabla ya safari ya nyumbani.

Breki ndizo hufanya kazi nzito kuliko zote. Katika barabara ya kawaida dereva hufunga breki kwa nguvu mara chache kwa siku. Saketini hufanya hivyo mara kadhaa katika kila mzunguko. Pedi nyembamba huisha kabla ya jioni. Mafuta ya breki yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewani kadiri muda unavyopita. Kwa kiwango cha DOT 4, mafuta mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ilhali yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Yakichemka hutokea mapovu ya mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, mkono wa breki huingia mpaka kwenye usukani bila pikipiki kupungua mwendo. Ndiyo maana kubadilisha mafuta ya breki siku chache kabla ni matumizi mazuri ya fedha kuliko kununua ekzosti mpya.

Mnyororo usikazwe kupita kiasi. Fundi yeyote wa bodaboda anajua kwamba mnyororo uliolegea huruka meno. Kinachosahaulika ni kwamba pikipiki inapobonyea nyuma mnyororo hukazika zaidi, hivyo ule uliokazwa sana huumiza beringi na kuizuia shokamzoba kufanya kazi. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Mkono wa mafuta nao lazima urudi wenyewe unapoachiwa, usukani ukiwa umekatwa upande wowote.

Vioo vya pembeni huondolewa au kukunjwa, na taa hufunikwa kwa utepe wa gundi ili vipande visitawanyike zikivunjika. Kuondoa vioo kuna faida nyingine: mwendeshaji haachi kuangalia mbele. Mizigo, mifuko na kibao cha namba huachwa kando.

Kelele hupimwa pia. Mpimaji huweka kifaa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosti, kwa pembe ya nyuzi 45, huku injini ikizungushwa kwa kasi iliyopangwa. Anayezidi kikomo hurudi nyumbani bila kuendesha. Majirani wa saketi wana haki ya kupumzika, ingawa wageni wa Donington Park hushangaa kwamba kelele zao zinapimwa ilhali uwanja wa ndege wa East Midlands upo jirani kabisa.

Mavazi

Suti ya ngozi ya kipande kimoja, au ya vipande viwili vinavyounganishwa kwa zipu kiunoni, ndiyo inayokubalika katika sehemu nyingi. Suti za kitambaa mara nyingi hukataliwa. Huongezwa kinga ya uti wa mgongo, glavu zinazofunika kifundo cha mkono, buti ndefu na kofia ngumu isiyowahi kupata pigo.

Kuandaa akili

Saketini hakuna ng'ombe, hakuna matatu inayosimama ghafla, hakuna shimo. Hatari iliyobaki kubwa ni mwendeshaji mwenyewe, na mara nyingi huletwa na mtu aliye mbele yake. Mgeni akimwona mwenye pikipiki ndogo akimpita, hutaka kumfuata, na huingia kona inayofuata kwa kasi ya mtu mwingine badala ya yake. Jukumu la kupita salama ni la anayetoka nyuma. Mgeni anatakiwa kushika njia yake bila kujisogeza ghafla ili “kumsaidia”, kwa sababu huko ndiko migongano inakotokea.

Keith Code, Mmarekani aliyeanzisha shule ya California Superbike School mwaka 1980, alieleza kwa kirefu jinsi woga unavyoharibu uendeshaji: mtu akiogopa hufunga mafuta ghafla, hukaza mikono, na macho yake huganda kwenye kile anachokihofia. Pikipiki hufuata macho. Anayekodolea changarawe nje ya kona huishia kwenye changarawe. Kwa hiyo zoezi la kwanza la mgeni ni la macho: kutazama mahali pa kufungia breki, kisha mahali pa kuanzia kona, kisha sehemu ya ndani kabisa, kisha njia ya kutokea, kila mara macho yakitangulia pikipiki.

Brands Hatch yaonyesha kwa nini haraka haifai. Kona ya kwanza, Paddock Hill Bend, inakata kulia huku barabara ikiporomoka, na anayeifikia haoni inakoishia. Baada yake ni mlima, kisha kona kali ya Druids, nayo ya kulia. Ndipo inakuja Graham Hill Bend, ya kwanza kukata kushoto. Kufikia hapo, upande wa kulia wa tairi umeshapata moto ilhali wa kushoto bado ni baridi, na mtu aliyejiamini kutokana na kona mbili zilizopita huweza kuangukia papo hapo katika mzunguko wa kwanza. Muda mfupi baadaye kuna kona iliyopewa jina la John Surtees, mtu pekee aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa Formula 1.

Waalimu hushauri kuacha akiba ya uwezo: kuendesha kwa mwendo ambao mtu bado anaweza kupumua na kufikiri. Uchovu huingia taratibu. Joto la suti ya ngozi hukausha mwili, na mwenye kiu huchelewa kuamua bila kujitambua. Maji hunywewa kila baada ya zamu, chakula cha mchana huwa chepesi, na wengi wenye uzoefu huacha zamu ya mwisho wakiona wameanza kukosea mahali walipopatia asubuhi.

Jambo la fedha hufikiriwa kabla ya kutoka nyumbani. Bima nyingi za barabarani hazigharimii uharibifu uliotokea saketini, na aliyekuja akiendesha pikipiki yake hana njia ya kurudi ikivunjika. Kwa sababu hiyo wengi huibeba kwenye gari au trela, na wengine hukodi pikipiki ya waandaaji kwa siku hiyo ya kwanza, wakikubali kulipa kiasi fulani iwapo wataiangusha.