Ndege adimu za vita zisipae

Wapo wanaoshikilia kwamba ndege ya kivita isiyoruka ni mzoga, na kwamba ngurumo yake hufunza historia kuliko kitabu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mnamo Julai 1996, ndege ya mbao aina ya Mosquito, ya pekee duniani iliyokuwa ingali ikiruka, ilianguka kwenye maonyesho karibu na Manchester, Uingereza. Wawili waliokuwamo walifariki. Mwaka wa 2012, Mosquito nyingine iliyofufuliwa ilipaa New Zealand. Naam, mbao huchongwa upya, uhai hauchongwi.

Kule East Kirkby, Uingereza, Lancaster ya Vita vya Pili vya Dunia huwashwa injini zake 4 ikatembezwa uwanjani bila kupaa. Ngurumo husikika, na watazamaji hurudi makwao salama. Ndege adimu zitunzwe hivyo.