Je, Wajua? Diski ya Terabaiti 1 Husomeka Gigabaiti 931

Chomeka diski mpya ya terabaiti 1 kwenye kompyuta ya Windows: utaona gigabaiti 931 tu. Hujapunjwa. Kiwandani, gigabaiti moja ni baiti 1,000,000,000. Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Baiti ni zilezile trilioni moja, kipimo ndicho tofauti. Kwenye Mac, diski hiyohiyo husomeka karibu terabaiti 1 kamili, kwani Apple ilibadili hesabu yake mwaka 2009.

Ukianza kuhifadhi mafaili, nafasi ya diski hugawiwa kwa vipande, mara nyingi vya baiti 4,096. Faili la baiti 5,000 huchukua vipande viwili, yaani baiti 8,192!

Na mafaili uliyofuta? Yakiwa bado kwenye pipa la taka, hayajaachia nafasi hata kidogo. Safisha pipa kwanza kabla hujanunua diski nyingine.