Jino la Papa Lililogeuka Jiwe

Papa sisi watu wa pwani twamjua: mbichi sokoni, mkavu jikoni. Lakini wangapi wetu wajuao kwamba yako meno ya papa yaliyokwisha kuwa mawe, na wenyewe wametoweka duniani?

Papa hana mfupa. Kiwiliwili chake ni gegedu, nayo huoza upesi. Jino ndilo gumu. Tena meno yake hung'oka na kuota mengine umri wake wote, maelfu kwa maelfu. Yakizikwa na mchanga chini ya bahari, huingiwa na madini polepole hata yakawa jiwe. Papa aliyeitwa megalodoni, aliyetoweka kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita, jino lake lilipita sentimita 15.

Na bahari haikukaa pahala pamoja. Mawe ya matumbawe yaliyojengewa Gedi yaliota majini. Kaskazini ya Malindi, Baratumu, iko miamba iliyotuama baharini zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, na chokaa ya Kambe, bara ya Kilifi, ni kongwe kuliko hiyo. Miamba ya baharini kama hiyo ndiyo makazi ya meno haya.

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Katika karne ya 11, Al-Biruni aliandika kuwa jangwa la Arabuni lilikuwa bahari, kwa ushahidi wa makombe yaonekanayo watu wachimbapo visima. Ulaya wengi walidhani meno haya ni ndimi za nyoka, mpaka Niels Stensen wa Denmark alipopasua kichwa cha papa mwaka 1666 akayafananisha.

Sasa kijana akiokota jino machimboni akamuuzia mtalii, limepotea nini? Limepotea pahala pake. Hadithi isiyo na isnadi haitegemewi. Na jino lisilojulikana limetoka mwamba gani, tabaka gani, halitoi ushahidi. Labaki pambo tu.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yamtaka mwenye kuvumbua kitu kama hicho aarifu Makumbusho ya Taifa katika siku saba, aeleze alipokiona, na akikabidhi. Kukitoa nchini bila ya kibali ni kosa.

Basi uonapo jino, kwanza tia alama pahala. Fedha ya mtalii huisha jioni ile ile. Khabari ya bahari yetu ikishapotea hairudi.