Umbo la Gitaa la Umeme na Mkono wa Mpigaji

Enanga, ala inayojulikana Kashozi na kote Buhaya, huwa na nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa. Uwazi wa ubao huo ndio unaokuza sauti. Gitaa la kawaida nalo hutegemea tumbo lake. Gitaa la umeme halitegemei tumbo: sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba hugeuza mtikisiko wa nyuzi za chuma kuwa umeme, na kipaza sauti hukamilisha kazi. Kwa hiyo kiwiliwili chake chaweza kukatwa ili kuupisha mkono.

Haja ya kukata ni hii: uzi wa sentimita 65 hufikia nusu yake kwenye freti ya 12, na freti zinazofuata husongamana penye kiwiliwili. Gibson Les Paul ya mwaka 1952 ilikatwa upande mmoja. Fender Stratocaster ya mwaka 1954, pande mbili.

Basi mnunuzi asichague kwa macho tu. Avae mkanda, asimame, abonyeze freti ya mwisho. Kifundo cha mkono kikipindika mno, kiungo cha shingo kikizuia kiganja, au shingo ikielemea chini, atafute umbo jingine kabla mkono haujaumia.