Sinema Iliyoigandisha New York

Ndugu msomaji, huenda umeiona, au wanao wameiona, sinema iitwayo The Day After Tomorrow, iliyotoka mwaka 2004. Ndani yake mkondo wa maji ya vuguvugu katika bahari ya Atlantiki unasimama, bahari inauvamia mji wa New York, na kwa siku chache tu nchi za kaskazini zinafunikwa na barafu. Vijana waliokwama maktabani wanachoma vitabu wapate joto. Wamarekani wanakimbilia Meksiko wakiwa wakimbizi.

Aliyeiongoza ni Roland Emmerich, Mjerumani aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1955. Mwaka 1996, katika Independence Day, alikwisha kuiteketeza miji mikubwa kwa mikono ya wavamizi kutoka angani. Mwaka 2009 akaiangamiza dunia katika sinema ya 2012. Maangamizi ndiyo kazi iliyomletea sifa, na maangamizi ya sinema hayana budi kutimia kabla taa za ukumbi hazijawashwa.

Hapo ndipo penye hitilafu. Wataalamu wanaeleza kuwa mkondo huo waweza kweli kudhoofika kwa kuongezeka joto la dunia na kuyeyuka kwa barafu ya Greenland, lakini kwa miongo ya miaka, si kwa siku.

Basi mtoto akikuuliza kama hayo ni kweli, usimcheke wala usimtishe. Mwambie kwamba haraka ile ni ya sinema, bali hatari yenyewe haikubuniwa. Jambo lijalo polepole huwapa watu nafasi ya kulizuia. Nalo ndilo wanaloliahirisha kila siku.