Mahakama Katika Tamthilia za Televisheni: Uteuzi wa Waigizaji na Usahihi wa Sheria

Utangulizi

Tamthilia ya televisheni inayohusu uhalifu hufanya kazi mbili kwa pamoja. Huburudisha, na wakati huohuo humfundisha mtazamaji jinsi mtu anavyokamatwa, anavyohojiwa na anavyohukumiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa Kiswahili, ingawa kinaziunganisha nchi nyingi, hakibebi sheria ya nchi moja kwenda nyingine. Mifano imetolewa Kenya na kusini mwa Kongo, kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi na Kasaji, mji ulio kwenye reli iendayo Dilolo.

Uteuzi wa waigizaji

Vioja Mahakamani, mchezo ulioonyeshwa kwa miongo kadhaa na shirika la utangazaji la Kenya, huwatambulisha washtakiwa wake kwa lafudhi za lugha zao za kwanza, na kicheko huanzia hapo. Hata hivyo, hakimu anayeendesha kesi kwa Kiswahili si ubunifu mtupu: sheria ya Kenya inakitambua Kiswahili, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha ya mahakama za chini.

Mjini Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilipata umaarufu redioni na kwenye televisheni. Johannes Fabian, katika kitabu chake Power and Performance (1990), ameeleza jinsi igizo lao la mwaka 1986 kuhusu mamlaka lilivyoandaliwa. Waigizaji hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya mpangilio wa matukio, kisha wakabuni mazungumzo kwa Kiswahili cha Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati huo. Mbinu hiyo inalifaa sana baraza la chifu, ambako maneno ya papo kwa papo ndiyo kesi yenyewe. Mahakama ya serikali ni jambo jingine, kwa kuwa majalada na hukumu zake huandikwa kwa Kifaransa. Anayeigiza hakimu wa Kongo hana budi kuzimudu lugha mbili. Na pale ambapo mshtakiwa anazungumza Kichokwe au Kilunda tu, mkalimani naye ni mhusika kamili. Mwongozaji anayemwondoa ili kuokoa muda huwa ameondoa haki ya mshtakiwa ya kuelewa anachoshtakiwa.

Usahihi wa sheria

Kenya ilirithi utaratibu wa Kiingereza. Mshtakiwa husomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli; akikiri, hakimu anaweza kumtia hatiani bila kusikiliza mashahidi. Kongo ilirithi utaratibu wa Kibelgiji, na mwenendo wa kesi za jinai unatokana na dekreti ya mwaka 1959. Huko hakimu mwenyewe humhoji mshtakiwa akiwa na jalada mbele yake, na kukiri peke yake hakumwondolei wajibu wa kutafuta ukweli. Tamthilia ya Kolwezi inayomaliza kesi kwa neno moja la kukiri imeazima mahakama ya Nairobi.

Muda wa kushikiliwa nao hutofautiana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inaweka saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo muda huo unaishia nje ya saa za kazi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 18, inaweka saa 48. Zikipita, mtu aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Ibara ya 19 inampa haki ya kuwa na mtetezi hata mbele ya polisi.

Tofauti hizi si za wanasheria peke yao. Mama wa Kasaji ambaye mwanawe ameshikiliwa siku ya tatu, ikiwa amefundishwa na televisheni kwamba polisi hukaa na mtu hadi akiri, atangoja nyumbani. Akiujua muda wa saa 48, atakwenda parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, kuuliza.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa usahihi wa sheria haupunguzi utamu wa mchezo. Kundi linalobuni mazungumzo jukwaani linaweza kuendelea kubuni, ilimradi mpangilio wa matukio usomwe kwanza na mwanasheria wa nchi husika, na kila mwigizaji ajue mhusika wake ana mamlaka gani na anasema kwa lugha ipi.