Sista Janet na Wimbo wa Upande wa Pili

Ukiuliza habari za waimbaji wa kike wa Australia wa miaka ya 1970, wengi watakutajia Olivia Newton-John. Ni wachache wanaomkumbuka Sista Janet Mead, mtawa wa Shirika la Masista wa Huruma na mwalimu wa muziki mjini Adelaide, ingawa mwaka 1974 sauti yake ilisikika redioni katika nchi nyingi.

Sista Janet alikuwa akiwaandalia vijana Misa ya magitaa na ngoma katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Tunajua maneno yanavyokuwa. Hata kwetu, gitaa lilipoingia kanisani wapo wazee walionuna.

Mwaka 1973 kampuni ya santuri ya Festival, ya Sydney, ilimwomba arekodi wimbo wa Donovan, "Brother Sun, Sister Moon", uliotoka katika filamu ya maisha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Huo ndio uliotegemewa kuuza. Lakini santuri ina pande mbili, na upande wa pili nao lazima uwe na kitu. Wakaweka sala ya Baba Yetu, kwa muziki wa Arnold Strals. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri! Wimbo wa Donovan ukasahauliwa, na sala ambayo mama humfundisha mwanawe kabla hajajua kusoma ikapanda hadi nafasi ya 4 Marekani, ikauza zaidi ya nakala milioni moja huko. Iliwania hata tuzo ya Grammy, ila aliyeshinda ni Elvis Presley, naye kwa "How Great Thou Art", ambao kwaya zetu huuimba kwa Kiswahili mpaka misibani.

Sasa akina mama wenzetu, hapa tutulie kidogo. Kwaya zetu nazo zinarekodi, na tumeziona zikigawanyika mara tu fedha zinapoingia. Nani aliimba sauti ya kwanza, nani alitunga, nani ashike akaunti. Sista Janet alitoa fungu lake lote kwa kazi za huruma. Wala sifa hazikumfurahisha. Baadaye alisema kipindi kile kilikuwa kibaya sana kwake, na shinikizo lilimfanya hata aihoji imani yake.

Akaendelea kufundisha, kisha akajitoa kwa watu wasio na makazi wa Adelaide. Sisi tunaoosha vidonda vya miguu tunaijua kazi hiyo, haipigiwi makofi. Mwaka 2004 jimbo lake lilimheshimu kwa kumtangaza mwananchi wake bora wa mwaka. Alifariki tarehe 26 Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 84.

Nyimbo zote mbili bado zinapatikana. Tuliusikiliza na ule wa Donovan. Ni mzuri, wa taratibu, na watoto wanaweza kuufuata.